Jumapili ya Mstari Mmoja

Ninh Bình, Vietnam
17 Februari 2002

Mama mpenzi,

Hujambo? Nyonga inaendeleaje na baridi ya huko? Na yule ng'ombe mwekundu, kazaa salama au bado anawasumbua? Mimi mzima, ila mafua ya hapa na pale, maana Februari hapa ni manyunyu mtindo mmoja. Nguo hazikauki, hata chaki inalowa mkononi.

Wiki hii wamemaliza sikukuu zao za mwaka mpya, na Bi Thoa, mwenye nyumba wangu, amenilisha mpaka nimeomba huruma. Nikiweka vijiti chini tu, anasema, "Mwalimu, unadharau chakula changu?" Basi navishika tena.

Sasa habari yenyewe. Tiernan kanipigia simu chuoni. Yeye na Cathal wanakuja! Watazunguka Thailand siku kumi, kisha wikiendi yao ya mwisho, kuanzia Ijumaa tarehe 15 Machi, watakuwa kwangu. Jumapili ni sikukuu yetu ya Mtakatifu Patriki, na jioni yake wanaruka kurudi nyumbani kutoka Hanoi. Nimeshamwambia Bi Thoa atafute mbuzi. Wenzangu wote chuoni wamealikwa, hata mlinzi.

Mama, miezi minane sijacheka kwa lugha yangu. Nacheka, ndiyo, lakini nacheka nimechelewa, baada ya wengine kumaliza. Nimewakumbuka hawa watu vibaya sana. Mwambie dada Orlaith nitamrudishia Tiernan, bwana harusi wake, akiwa mzima, labda kapungua kidogo.

Nisalimie wote, na mbwa.

Mwanao,
Fintan


Carrowbeg, Clare, Ireland
4 Machi 2002

Mwanangu Fintan,

Barua yako imefika Ijumaa. Nimeisoma nimesimama mlangoni, kisha nimekaa nikaisoma tena. Tunaendelea vizuri. Nyonga ni ile ile, inanitangazia mvua kabla ya redio. Ng'ombe kazaa dume, kubwa, tulivuta watu watatu.

Hii naituma kwa mkono wa Tiernan pamoja na keki ya matunda, majani ya chai, na soksi. Najua utaniambia simu ipo. Mimi na simu hatupatani. Nikisikia sauti yako kwa mbali vile nalia tu, na kulia hakuniletei habari zako.

Dada yako hajulikani kama amekaa au amesimama. Gauni limefika, tarehe 15 Juni kanisa limeshawekwa, na baba yake Tiernan anapaka rangi nyumba watakayokaa. Wewe ndiye utakayesimama na bwana harusi, kwa hiyo usije ukaniambia tiketi imekosekana.

Nina neno moja. Tiernan ni mtu mwema, namjua tangu anatambaa. Lakini akishaonja anajiona hana mifupa ya kuvunjika. Na Cathal atacheka lolote. Kwako huko wao ni wageni, hawajui njia wala lugha. Wewe unajua. Watunze.

Keki usiwape yote.

Mama yako,
Nuala


Ninh Bình
19 Machi 2002

Mama mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Orlaith pia. Mimi sijambo. Asante kwa keki. Cathal aliila nusu kwenye gari kabla hatujafika nyumbani.

Ulitaka habari za wageni, basi ndizo hizi. Ijumaa tulikaa kwenye vile viti vifupi vya barabarani tukanywa bia ya pipa hadi mwenye duka akafunga, akatuachia viti. Cathal aliwafundisha walimu wenzangu wimbo wa nyumbani, nao wakauimba bila kuelewa neno hata moja, vizuri kuliko sisi. Jumamosi Bi Thoa alitupikia mbuzi na ukoko wa wali, ule mkavu unaomwagiwa mchuzi. Tiernan alikula mpaka Bi Thoa akamwita "mkwe wangu". Mchana tulipita karibu na harusi ya watu tusiowajua, tukavutwa ndani, tukapewa pombe ya mchele, Tiernan akacheza na bibi wa bwana harusi na watu wote wakapiga makofi. Cathal alitumbukia mtoni na saa yake. Alipotoka akasema, "Inasema saa tisa. Milele sasa ni saa tisa." Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumapili tuliendesha pikipiki kidogo, halafu nikawasindikiza uwanja wa ndege.

Nina mitihani ya kusahihisha, ngoja niishie hapa. Salamu kwa wote.

Mwanao,
Fintan


Carrowbeg
3 Aprili 2002

Mwanangu,

Habari za siku nyingi. Sisi wazima, isipokuwa mimi nimeshikwa na kikohozi cha Pasaka, kama kawaida yangu.

Wageni wako walirudi salama. Cathal anazunguka baa zote akisimulia habari za mto. Tiernan alikuja siku ya pili kutuonyesha picha. Picha nzuri, umekonda. Lakini yeye mwenyewe hakukaa sawa. Chai aliiacha ikapoa. Orlaith akamwuliza, "Na Jumapili mlifanya nini, hakuna picha hata moja?" Akasema pikipiki ilimgonga mbwa, basi wakapoteza hamu. Akaenda dirishani akasimama huko.

Nikaenda kuichukua barua yako nikaisoma upya. Ijumaa umeandika, Jumamosi umeandika mpaka nimeona saa ya Cathal kwa macho yangu. Jumapili nzima, siku ya sikukuu yetu, umeipa mstari mmoja. Na mbwa hayumo.

Fintan, wewe ulilia siku mbili kwa sababu ya sungura aliyekatwa na trekta. Ungemgonga mbwa ungeniambia.

Niandikie.

Mama yako


Carrowbeg
29 Aprili 2002

Mwanangu Fintan,

U hali gani? Sisi tupo. Hakuna barua tangu ile ya mitihani.

Nilipiga simu chuoni, mimi mwenyewe, kutoka kwa kasisi. Binti mmoja akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba Mwalimu Fintan ni mzima, yupo darasani, atanipigia. Hukupiga. Nikajaribu tena Alhamisi. Mzima, yupo darasani.

Orlaith anasema harusi inakutia woga wewe kuliko yeye. Anacheka. Tiernan hacheki. Amekuwa akija misa ya kila siku, kijana ambaye tulikuwa tunambeba kumpeleka ya Jumapili. Mama yake amefurahi, anadhani ni ndoa inamkomaza. Mimi humtazama mgongo wake pale mbele nikiwaza, huyu anaomba nini?

Sitakupigia tena. Nakuomba uandike. Hata kama ni jambo ambalo mtoto hamwandikii mama yake, liandike.

Mama yako


Ninh Bình
10 Mei 2002

Mama,

Nisamehe kwa kimya. Mwili mzima, mengine hapana. Nilianza barua hii mara nyingi.

Hakuwa mbwa. Alikuwa bibi anayeitwa Nhàn, umri wa miaka sabini na moja, mfuga bata.

Jumapili ile tulianza kunywa pamoja na chai ya asubuhi, eti kwa heshima ya sikukuu. Cathal alichukua pikipiki ya kuazima akatangulia mbele, hajui lolote mpaka leo. Tiernan aliendesha yangu, mimi nimekaa nyuma yake. Ilikuwa saa nne, juu ya tuta la mto, manyunyu, njia inateleza kama sabuni. Bibi alikuwa anavusha bata wake kutoka upande wa mashamba kwenda upande wa maji. Nilimwona kabla ya Tiernan. Nilimpiga begani, naye akadhani nataka aongeze mwendo. Akapaza sauti, "Ndiyo hivyo, kaka!" akaongeza.

Bata waliruka pande zote. Yeye hakuruka. Usukani ulimpata kiunoni akaviringika hadi chini ya tuta, kofia yake ya majani ikabaki njiani. Sisi hata hatukuanguka. Tulisimama mbele kidogo. Halafu tukaondoka.

Niliwapeleka uwanja wa ndege. Cathal alilala njia nzima. Tulipoagana Tiernan aliniambia, "Pengine ameinuka." Nikasema, "Pengine."

Jumatatu Bi Thoa aliniletea uji akaniambia, "Umesikia, Mwalimu? Mama yake Bính kagongwa tutani. Kakaa matopeni mpaka saa saba ndipo wakamwona kwa ajili ya bata, walikuwa wamemzunguka." Nyonga imevunjika, Mama. Kama ile yako. Na baridi ilikuwa imeshaingia mapafuni.

Nikaenda kumwona. Nilijiambia naenda kusema. Nilibeba machungwa na maziwa ya kopo. Mwanawe, Bính, alinipokea kwa mikono miwili, kwamba mwalimu mgeni amekuja kumjulia hali mtu asiyemjua. Waliniambia bibi hakumbuki kilichompata. Mama, nilipumua. Nilisimama kando ya kitanda cha mtu niliyemwacha matopeni nikapumua kwa raha.

Nilirudi kesho yake, na kila siku baada ya hapo. Nilimkanda miguu. Nilimshikia kikombe. Majirani walianza kunisifia njiani.

Alikufa tarehe 2 Mei. Nilitembea kwenye mazishi nyuma ya wanawe waliofunga vitambaa vyeupe vya msiba kichwani. Wakanipa na mimi kitambaa. Nikakifunga.

Orlaith ana haki ya kujua anaolewa na nani. Sijui nikuombe nini zaidi.

Mwanao,
Fintan


Carrowbeg
24 Mei 2002

Fintan,

Leo sikuulizi hali. Najua huna hali.

Barua yako nilikaa nayo siku tatu kwenye mfuko wa aproni. Siku ya nne Tiernan alikuja kumchukua Orlaith waende kuonja keki ya harusi. Nikamwambia, "Kabla hamjaenda, njoo unishikie ndama." Tulipofika bandani nikafunga mlango.

Nikamwambia, "Tiernan, yule mbwa wenu alikuwa na jina. Aliitwa Nhàn. Amekufa."

Akakaa chini juu ya ndoo. Nilidhani atakana. Akasema, "Mama Nuala, niliendesha mimi. Nilikunywa mimi. Hilo nitalisema popote. Lakini Fintan amekuandikia tulivyoondoka?"

Nikasema ameandika, mlisimama kisha mkaondoka.

"Nilizima injini," akasema. "Niliteremka. Nilikuwa nimeshaanza kurudi kwa miguu. Nikamwambia, Fintan, njoo, mimi sijui hata kumwambia pole kwa lugha yao. Akasema, 'Panda. Ukirudi pale huondoki nchi hii.' Nikamwambia anasogea, namwona anasogea. Akasema, 'Nimesema panda! Kazi yangu iko hapa. Watu wake wako karibu, watamwokota.' Aliniambia mara tatu. Ya tatu nikapanda."

Nikamwuliza, kulikuwa na watu karibu? Akasema hakuona hata mtu mmoja.

Soma barua yako mwenyewe, mwanangu. "Halafu tukaondoka." Umenipa ukweli wote unaomwangukia mtoto wa mwenzangu, na ule unaokuangukia wewe umeufungia kwenye maneno mawili. Ukaniomba nimlinde binti yangu na Tiernan! Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kumchukia, nikaona afadhali. Afadhali ni yeye.

Nilimwambia Orlaith jioni ile ile, yote, mbele ya Tiernan. Hakupiga kelele. Alimwuliza swali moja, "Ungeniambia lini?" Pete ameivua akaiweka ndani ya kikombe kabatini. Hajaitupa, hajaivaa. Kanisa tumelirudisha. Watu wanaambiwa nyonga yangu imezidi, na mimi nachechemea barabarani ili uongo ukae vizuri. Hapo ndipo tulipofika.

Mkono huu unataka kukuandikia panda ndege leo, njoo nyumbani, hakuna aliyekuona. Nimeandika, nikakata, nikachana karatasi, hii ni ya pili. Huyo Bính alimpoteza mama yake na anakushukuru wewe. Mimi pia ni mama wa mtu. Ningelala chini ya tuta kwa saa tatu, kisha anayenishikia kikombe awe ndiye aliyeniacha pale?

Nenda kamwambie. Usimwandikie, nenda. Na usiseme "tuliondoka".

Mama yako


Ninh Bình
5 Juni 2002

Mama,

Barua yako nimeipata Jumatatu. Uliyosema yote ni kweli. Tiernan hakuongeza hata neno. Mimi ndiye niliyesema tuondoke.

Nilikwenda jana asubuhi. Bính alikuwa bandani kwa bata, anawamwagia pumba. Nikasimama nje ya uzio.

"Kaka Bính, nina neno."

"Sema, Mwalimu."

Nikasema. Nilikuwa nimejifunza maneno hayo usiku kucha kwenye kamusi, maana hakuna anayemfundisha mgeni maneno ya namna hiyo. Nilimwambia kwamba rafiki yangu aliendesha akiwa amelewa, akamgonga mama yake Bính, rafiki yangu akataka kurudi, mimi nikamkataza. Nilimwona anasogea. Nilimkataza.

Bính akaendelea kumwaga pumba mpaka ndoo ikaisha. Akasema, "Umechelewa wiki tano."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwuliza anasemaje.

"Mama alituambia siku ya pili uliyokuja," akasema. "Ulipotoka tu akasema, ni huyu. Alikuwa nyuma kwenye pikipiki, aligeuka akanitazama. Ndugu yangu alichukua panga. Mama akamwambia, rudisha. Akasema, huyu mtoto anakuja hapa kwa sababu lipo jambo limemkaba. Msimguse, msimuulize. Mwacheni, atalisema mwenyewe."

Bata walikuwa wanamkanyaga miguuni, naye hata hawaoni.

"Kila siku ukiondoka tulikuwa tunamwuliza, amesema? Anatikisa kichwa. Tunamwambia, Mama, tumwite polisi. Anasema, bado, ngojeni kesho. Siku ya mwisho kabisa alikuuliza mwenyewe. Unakumbuka?"

Nakumbuka, Mama. Ilikuwa mchana, nilikuwa namkanda miguu. Alifungua macho akaniambia, "Mwalimu, una neno?" Nilidhani ni homa inamsemesha. Nikamwambia, "Hapana, Bibi. Pumzika."

Bính alinisubiri nijibu. Nikasema nakumbuka. Akaniambia, "Basi usiku ule akafa."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alinawa mikono, akavaa shati safi, tukaenda kituo cha polisi pamoja, mimi nikiwa nyuma kwenye pikipiki yake. Alipita njia ya tutani. Pale mama yake alipoanguka hakupunguza mwendo.

Nimeandika maelezo yangu. Pasipoti wamechukua. Chuo kimenisimamisha. Wananiruhusu kukaa kwa Bi Thoa mpaka mambo yapangwe, na kwenda kuripoti kila asubuhi. Bi Thoa hanisemeshi. Ananiwekea wali mlangoni na kuondoka. Wanasema kesi itachukua miezi, na kwamba nitafungwa, muda hawajui.

Mwambie Orlaith, Tiernan alizima injini. Mwambie na hilo.

Mwanao,
Fintan


Carrowbeg
18 Juni 2002

Mwanangu Fintan,

Barua imefika Ijumaa. Natumaini unakula huo wali.

Nimeisoma mezani kwa sauti, Orlaith akiwepo, na Tiernan, nilimwita. Tulipofika pale bibi alipokuuliza kama una neno, nikaiweka barua chini, Orlaith akaichukua akamalizia.

Tiernan ameandika maelezo yake kwa mkono wake, kwamba aliendesha na alikuwa amelewa. Wakili wake ameyatuma huko. Baba yake hasemi naye. Jumamosi ilikuwa ndiyo tarehe kumi na tano. Orlaith alivaa viatu vya shamba akatengeneza uzio wa nyuma kutwa nzima, nguzo kumi na moja, peke yake. Tiernan alikuja akasimama barabarani na nyundo mkononi. Orlaith hakumkaribisha, hakumfukuza. Zaidi ya hapo sijui, na simuulizi.

Majirani nimewaambia kweli. Nimeacha kuchechemea zaidi ya ninavyoumwa.

Nimeomba pasipoti. Nina miaka sitini na tatu na sijapita Dublin. Kasisi anasema safari ni siku nzima angani na nyonga haitaiweza. Itaiweza. Nitataka unipeleke kwa Bính, kama watakuruhusu, na kama hawatakuruhusu nitatafuta njia mwenyewe. Niandikie kwa herufi zetu jinsi wanavyosema pole kwa aliyefiwa, nianze kujizoesha. Sitaki kulisema kwa kupitia mtu.

Hujaniuliza kama nimekusamehe, na umefanya vizuri kutouliza, kwa sababu sijui. Ndege ni tarehe 30 Julai.

Mama yako,
Nuala